Jumba la Ukoo wa Qiao na Mke wa Nne Ambaye Hakuwahi Kuishi Humo

Wanachuo wengi wanaopata nafasi ya kwenda China, hata ya wiki tatu tu, hurudi na picha zilezile: Ukuta Mkuu, Jumba la Wafalme la Beijing na maghorofa ya Shanghai usiku. Siwalaumu, hata mimi ninazo. Lakini kama una siku moja ya ziada na bumu halijakatika, panda treni uende jimbo la Shanxi ukaone nyumba ya watu. Si kasri la mfalme, si hekalu. Ni nyumba ya ukoo mmoja wa wafanyabiashara, ukoo wa Qiao, katika kijiji cha Qiaojiabao, wilaya ya Qi, kama kilomita 54 kusini-magharibi mwa Taiyuan ambao ndio mji mkuu wa jimbo.

Nilifika huko nikiwa kwenye muhula wa kubadilishana wanafunzi. Makala hii naiandika kwa sababu ya swali nililolisikia tukiwa tumesimama uani. Mama mmoja wa makamo, mtalii kama sisi, alimuuliza mtembeza wageni: "Chumba cha mke wa nne ni kipi?" Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenitafsiria, huku akicheka. Alicheka kwa sababu nyumba hiyo haikuwa na mke wa nne. Kanuni za ukoo zilikataza kabisa mwanamume kuongeza mke mdogo au kuweka suria. Mke wa nne anatoka kwenye filamu.

Filamu yenyewe ni Raise the Red Lantern, ya mwongozaji Zhang Yimou, iliyotoka mwaka 1991. Ilipata tuzo ya Simba wa Fedha kule Venice na ikateuliwa kuwania Oscar. Ilipigwa humohumo, kwenye nyua za akina Qiao. Inasimulia miaka ya 1920, juu ya msichana wa miaka 19 anayeitwa Songlian, aliyeigizwa na Gong Li. Songlian alikuwa chuo kikuu. Alisoma nusu mwaka tu, baba yake akafariki, hela ya masomo ikakatika, na mama wa kambo akamwozesha kwa tajiri mmoja awe mke wa nne. Kila jioni wake wanne wanasimama nje ya milango yao wakisubiri kuona kandili nyekundu inawashwa kwa nani. Anayewashiwa ndiye bwana atalala kwake. Anasingwa miguu, na kesho yake ndiye anayechagua chakula kitakachopikwa. Wengine wanabaki na wivu wao, na humo ndimo visa vinamozaliwa. Bwana mwenyewe hata uso wake hatuuoni vizuri, tangu mwanzo hadi mwisho.

Ni filamu kali, itafuteni. Ila mjue kwamba hata hizo kandili ni ubunifu wa filamu. Kitabu ilichotokana nacho, riwaya fupi ya mwandishi Su Tong, hakina utaratibu huo wa kuwasha taa. Zhang Yimou na wenzake ndio waliouleta, kwa sababu filamu inahitaji kitu cha kuonekana. Na leo ukiingia kwenye jumba, kandili nyekundu zimetundikwa kila ua, kila mlango, na foleni ya kupigia picha ni hapohapo chini yake. Filamu iliazima nyumba, kisha nyumba nayo ikaanza kujipamba kama filamu.

Sasa tuiangalie nyumba yenyewe, maana ina mambo.

Kwa nje ni kama ngome. Ukuta wa matofali ya kijivu unapanda zaidi ya mita 10, hauna dirisha hata moja la kutazama barabarani. Lango kuu linaelekea mashariki. Ukiingia unakutana na ukuta mwingine mbele yako, uliojengwa makusudi ili mtu wa nje asione ndani hata lango likiwa wazi. Ukuta huo umechongwa alama moja, ile ya maisha marefu, mara 100, na kila mara kwa mwandiko tofauti. Hebu jipe dakika tano hapo utafute mbili zinazofanana. Mimi sikuzipata.

Baada ya hapo kuna kichochoro cha mawe, kama mita 80, kinachonyooka hadi kwenye ukumbi wa kuwaenzi wahenga upande wa magharibi. Kichochoro hiki ndicho uti wa mgongo: nyua kubwa tatu ziko kaskazini, tatu kusini. Ndani ya hizo 6 kubwa kuna nyua ndogo 20, na vyumba 313. Hapa ni vizuri kueleza kitu, maana takwimu hii huandikwa kila mahali bila maelezo. Wachina wa zamani walihesabu nafasi iliyo kati ya safu moja ya nguzo na nyingine kama kipimo kimoja, kwa hiyo chumba kimoja kikubwa kinaweza kuhesabiwa vitatu. Usidhani kulikuwa na vitanda 313 kama hosteli. Wanasema pia kwamba ukiitazama nyumba kutoka angani inafanana na herufi ya Kichina ya furaha maradufu, ile wanayobandika kwenye harusi. Inawezekana. Ila waliokaa humo hawakuwa na ndege, na jicho lazima liwe na nia njema kidogo.

Kilichonivutia mimi kama mtu wa ualimu ni jinsi nyumba inavyofundisha bila maneno. Katika kila ua, jengo la kaskazini, linalotazama kusini kwenye jua, ndilo refu kuliko mengine, na humo wanakaa wakubwa. Majengo ya pembeni yako chini zaidi, ni ya watoto na wake zao. Jikoni, watumishi na wageni wako kwenye ua wa pembeni, wenye mlango wake. Mtoto aliyekulia humo hakuhitaji kuambiwa nani ni mkubwa wa nani, aliona kwa urefu wa paa. Vizingiti vya milango ni vya mbao na viko juu, kiasi kwamba huwezi kuingia bila kuinua mguu na kuinamisha macho. (Usikanyage kizingiti, ruka. Kukikanyaga wanaona ni kukosa adabu.) Mapaa mengi yameinama upande mmoja tu, kuelekea ndani, hivyo mvua yote inaangukia kwenye ua wa wenyewe. Shanxi ni jimbo kavu, maji ni mali, na watu wa huko hupenda kusema kwamba mfanyabiashara haachii baraka yake imwagikie kwa jirani.

Juu ya mapaa hayo kuna njia za walinzi wa usiku na vibanda vyao. Kwenye filamu, chumba kilichofungwa huko juu ndipo wanawake waliokosea walipouawa. Katika maisha ya kweli ya jumba, huko juu ni mahali pa kulinda hela.

Na hela zilikuwepo. Ujenzi ulianza mwaka 1756, wakati wa utawala wa Qing, lakini aliyeweka msingi wa utajiri, Qiao Guifa, alikuwa yatima asiye na kitu. Aliondoka kijijini kama walivyofanya vijana wengi maskini wa Shanxi, akavuka Ukuta Mkuu kwenda kaskazini, nchi ya Wamongolia. Huko alianza kama mtumishi wa duka, kisha yeye na mshirika wake wakafungua kibanda chao cha kuuza chakula cha mifugo, tofu na choroko zilizochipuzwa. Yaani mama ntilie na duka la pumba kwa pamoja. Kibanda hicho, kikihudumia misafara ya ngamia, kilikua hadi kuwa kampuni ya Fusheng Gong katika mji wa Baotou, na watu wa Baotou wenyewe wana msemo kwamba kampuni hiyo ilitangulia, mji ukafuata.

Mjukuu wake, Qiao Zhiyong, ndiye aliyeupandisha ukoo hadi juu kabisa. Alizaliwa 1818, akafariki 1907. Wakati wake ukoo uliingia kwenye benki za hundi, na hili nalo linahitaji maelezo kidogo kwa sababu bila kulielewa utaona nyumba kubwa tu na hutajua imetoka wapi.

Fikiria wewe ni mfanyabiashara wa karne ya 19. Umeuza chai kaskazini, unataka kununua hariri kusini. Malipo ni madini ya fedha yenyewe, mazito, yanabebwa kwa mikokoteni, na njiani kuna majambazi. Unakodi walinzi wenye mapanga, nao wanataka kulipwa. Mwaka 1823 hivi, katika mji wa Pingyao ulio jirani na wilaya ya Qi, duka la Rishengchang lilianza kufanya jambo jipya: weka fedha yako hapa, chukua hundi, nenda mji mwingine, onyesha hundi kwenye tawi letu, upewe fedha yako, ukatwe kiasi kidogo. Ukimwelezea mtu wa nyumbani atakwambia hiyo si ndiyo M-Pesa? Ni kweli mantiki ni ileile: mzigo hausafiri, kinachosafiri ni ujumbe. Badala ya namba ya siri walitumia mwandiko. Matawi yalijua mwandiko wa mtu aliyeruhusiwa kuandika hundi, na tarehe na kiasi viliandikwa kwa herufi za mafumbo ambazo wafanyakazi walizikariri na ambazo zilibadilishwa mara kwa mara. Akina Qiao walikuwa na benki mbili za aina hiyo, Dadetong na Dadeheng.

Biashara ya namna hii haina dhamana nyingine zaidi ya kuaminika. Ndiyo maana ukoo ulikuwa na kanuni sita, na mpaka leo mtembeza wageni atakutajia: marufuku kwenda kwa makahaba, marufuku kuongeza wake wadogo, marufuku kamari, marufuku kasumba, marufuku kuwatesa watumishi, marufuku ulevi. Mtu anaweza kuzisoma kama maadili tu, na makumbusho yenyewe yanapenda zisomwe hivyo. Mimi naona pia hesabu. Kila kilichokatazwa hapo ni mlango ambao mali hutokea. Wake wengi huleta watoto wa matumbo tofauti, na watoto hao huleta kesi ya kugawana mirathi, na mteja aliyeweka fedha yake kwako hataki kusikia kesi. Sasa ndiyo mtaona kwa nini swali la yule mama lilikuwa la kuchekesha. Filamu maarufu kuliko zote kuhusu wake wengi ilipigwa kwenye nyumba iliyopata utajiri wake, kwa sehemu, kwa kukataza wake wengi.

Lakini msiharakishe kushangilia. Hapo ndipo mwenzangu alipoacha kucheka, maana tuliendelea kusoma maelezo na kukuta kwamba Qiao Zhiyong mwenyewe alioa mara sita. Hakuvunja kanuni. Alikuwa anafiwa na mke, anaoa mwingine, anafiwa tena. Kanuni ilisema mmoja kwa wakati mmoja, na ikafuatwa. Wake hao tunawajua kwa jina la ukoo wa baba zao tu, fulani binti wa Ma, fulani binti wa Yang, kwa sababu vitabu vya koo za Kichina vya enzi hizo viliandika wanawake namna hiyo. Songlian, ambaye hakuwahi kuwepo duniani, ana jina lake mwenyewe. Hao sita walioishi, wakalala kwenye vitanda vya matofali vilivyopashwa moto humo ndani, na wakafa, hawana.

Na kuna wanawake wengine ambao jumba haliwataji hata kwa ukoo: wake wa wafanyakazi wa benki. Kijana aliingia kazini kama mwanagenzi, anafagia, anachemsha chai, anajifunza hesabu na mwandiko, na akifaulu anapelekwa tawi la mbali. Hakuruhusiwa kwenda na mke wala watoto. Likizo ya kurudi nyumbani ilikuja baada ya miaka, kwa kawaida mitatu. Zile hundi zilizosafiri salama zilisafiri kwa sababu familia ya karani ilibaki Shanxi, na kila mtu alijua anatoka nyumba gani. Ukimuuliza mtu wa uchumi atakwambia huo ulikuwa mfumo mzuri wa kudhibiti wizi. Ni kweli. Ila ulilipiwa na mwanamke aliyekaa miaka mitatu akingoja mume, na hakuna kandili iliyowashwa kwa ajili yake.

Kuna jambo moja ambalo sikuona limeandikwa kwenye kibao chochote, nami nimelifikiria sana tangu nirudi. Qiao Zhiyong hakutaka biashara. Alikuwa mtu wa vitabu, anajiandaa kwa mitihani ya serikali, ile iliyompa mtu cheo. Kaka yake aliyekuwa anaendesha kampuni akafariki, na yeye akatolewa kwenye vitabu akashike duka. Jina la makazi yake, Zaizhongtang, maana yake kwa kifupi ni ukumbi wa kukaa katikati, na linatokana na mafundisho ya Confucius juu ya kutopita kiasi. Ni jina la msomi, na mwenye duka alilibakiza mlangoni kwake. Kwa hiyo nyumba ile ina wanafunzi wawili waliokatishwa masomo na msiba. Mmoja ni wa kweli, mwanamume, na msiba ulimfanya bwana mkubwa. Mwingine ni wa kubuni, mwanamke, na msiba ulimfanya mke wa nne. Filamu inaisha akiwa amerukwa na akili, anazungukazunguka uani amevaa nguo zake za uanafunzi. Kila mmoja wetu chuoni anamjua mtu ambaye kitandani kwake hosteli amelala mwingine muhula huu, kwa sababu mzazi alifariki. Ni wa kike au wa kiume, na nyumbani walimpangia nini baada ya hapo, mnaweza kuhesabu wenyewe.

Utajiri wa Qiao haukudumu. Nyumba iliendelea kupanuliwa hadi miaka ya 1920, na sehemu za mwisho zina madirisha ya vioo na hata choo cha mtindo wa Kizungu, lakini wakati huo benki za hundi zilikuwa zimeshakufa au zinakufa. Benki za kisasa zilikuja, utawala wa Qing ukaanguka mwaka 1912, biashara ya kaskazini ikavurugika, na Wajapani walipovamia mwaka 1937 wenyewe waliondoka. Mwaka 1986 nyumba ilifunguliwa kama makumbusho ya mila za watu wa Qi. Miaka mitano baadaye ikatoka filamu. Mwaka 2006 ikaja tamthilia ndefu ya televisheni kuhusu Qiao Zhiyong mwenyewe, China nzima ikaitazama, na watalii wakamiminika.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na yeyote anayefanya kozi ya utalii au historia. China hupanga vivutio vyake kwa madaraja, na la juu kabisa huitwa 5A. Jumba la Qiao lilikuwa nalo. Julai 2019 wizara ya utamaduni na utalii ililivua daraja hilo hadharani, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni biashara kupita kiasi, vitu vya kuona kuwa vya aina moja, na usalama na usafi kutotiliwa mkazo. Nyumba ya wafanyabiashara kuadhibiwa kwa kufanya biashara sana, jamani! Lakini mimi nilielewa. Kila mwenye duka la kandili, la siki ya Shanxi (ni nzuri, nunueni) au la kukodisha nguo za kizamani anauza kile ambacho mgeni amekuja anakitaka, na mgeni amekuja anataka mke wa nne. Karani aliyekariri mafumbo ya hundi hauziki.

Kama utakwenda, mambo machache. Kutoka Taiyuan kuna treni za kasi, shuka Qixian Mashariki au Pingyao, halafu teksi. Beba pasipoti, tiketi ya treni hununuliwi bila hiyo, na beba kitambulisho cha chuo kwa sababu vivutio vingi vya China huwapunguzia wanafunzi kiingilio. Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba, ni sikukuu yao ya taifa na hutaona ukuta, utaona migongo. Tafuta Mchina wa kwenda naye, maana maelezo mengi na yale mazuri yako kwa Kichina. Itazame filamu kabla ya kwenda, si baada, ili uweze kusimama uani na kutenganisha ya filamu na ya nyumba. Na usiishie kwenye nyua kubwa za kaskazini ambako umati unakwenda. Pita milango midogo ya pembeni, kwenye majiko na vyumba vya watumishi, ambako paa liko chini na hakuna foleni.

Siku ya pili nenda Pingyao. Mji mzima wa kale bado umezungukwa na ukuta wake, uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997, na ofisi ya Rishengchang imekuwa makumbusho. Utaona kaunta, mashimo ya kuhifadhia fedha chini ya sakafu, na vyumba vya nyuma walimolala wanagenzi.